Boneti ya Gari la Mama Yenu

Zimeni redio, wanangu, mketi. Jasper, mpigie simu yule mtu wa mashine umwambie asije kesho. Usingoje baadaye, piga sasa, nikikuona. Nilisikia mlivyokuwa mkizungumza sebuleni, kwamba gari la mama yenu lipigwe polishi ling'ae kabla wageni hawajafika, na ninajua ni wageni gani hao na ni msafara gani gari litakaouongoza, wala sikasiriki, kwa maana daktari aliyeniruhusu kurudi nyumbani juzi hakuniruhusu kwa sababu nimepona. Lakini boneti ya gari lile haiwezi kuguswa na mashine tena. Sababu yake ninaijua mimi, na nikiondoka nayo nitakuwa nimemzika mwanangu mmoja akiwa hai.

Nitasema kwa Kiswahili. Phanice, mke wa Eric, hakuzaliwa katika lugha yetu, na sitaki jambo hili alipate kwa kutafsiriwa. Binti yangu, najua uko upande wa pili wa pazia, kwa sababu kwetu mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Kaa hapo hapo. Heshima hiyo nimeishi nayo maisha yangu yote, na leo inanisitiri kuliko ninavyostahili, maana kama ningeuona uso wako huenda ningenyamaza tena. Maureen, niinue kidogo. Hapo panatosha.

Mnajua kwamba nilikulia kijiji cha Tabaka, kwa mjomba wangu mchonga mawe. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kusugua. Jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, hutoka mikononi mwa mchongaji likiwa na makwaruzo meupe, mtoto akapewa msasa na beseni la maji, akasugua, akabadilisha msasa kwa mwingine laini zaidi, mwishoni akapaka nta, na yule kiboko au lile bakuli likang'aa hata ukajiona. Ukizidi kusugua, linazidi kung'aa, kwa sababu jiwe ni jiwe mpaka moyoni. Nilikwenda chuo kikuu nikasoma kemia, nikafanya kazi miaka kumi na tatu katika kiwanda cha rangi kabla ya kufungua kituo changu cha kuosha magari, nikajua kwa vipimo kwamba gari si jiwe. Lakini mkono uliofundishwa utotoni hausomi vitabu. Watu wetu wengi wana mkono huo. Wakiona gari limefifia, wanasugua.

Ile bluu mnayoiona kwenye gari la mama yenu haikai juu kabisa. Juu yake kuna ngozi angavu isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia, nayo ndiyo inayong'aa na ndiyo inayozuia jua lisiile rangi. Unene wake haufiki nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kila ukipiga mashine ya polishi unaondoa sehemu ya ngozi hiyo, kidogo sana, ili ule mkwaruzo uliokuwa ndani yake uishe. Kwa hiyo mng'ao wa siku ile umeununua kwa kitu ambacho hakirudi. Shikeni neno hilo hata kama mtasahau mengine yote.

Sasa msikilize nilivyoununua wangu.

Mama yenu alikuwa shemasi, na mnakumbuka Ijumaa zake. Jua lilikuwa halijatua, chakula cha Sabato kimeshapikwa, nguo zimepigwa pasi, na gari lazima liwe safi, kwa sababu Sabato ikiingia hakuna kuosha kitu. Alifika kutoka sokoni jioni, barabara ya Nyansiongo imelipaka vumbi jekundu kuanzia taa hadi taa, maji ya tangi yameisha, dakika zimebaki ishirini; basi alichukua kitambaa kikavu akalifuta gari lote akiimba. Vumbi lile ni mchanga, wanangu. Alikuwa akilipiga msasa bila kujua. Jumapili asubuhi nilitoa gari juani nikaona miduara myembamba kama utando wa buibui, na badala ya kumwambia, "Tryphosa, vumbi halifutwi kavu, humwagiwa maji kwanza," nilingoja aende kwenye mkutano wa akina mama, nikatoa mashine, nikaifuta ile miduara. Miaka kumi na mmoja. Si kila wiki, lakini mara tatu, mara nne kwa mwaka. Alirudi akazunguka gari akasema, "Ona, Thadeus, kitambaa changu kinashinda mashine zako zote," nami nikacheka. Niliona kumsahihisha ni kumwondolea furaha yake. Kumbe nilikuwa naondoa kitu kingine, nami nilikuwa na kifaa cha kukipima na nilikuwa nakipima, na namba zilikuwa zikishuka, nikajiambia bado, bado.

Ikaja harusi yako, Maureen. Jumatano ile nilipiga boneti mara ya mwisho, kwa haraka, na kwenye ukingo wa mbele, mahali ambapo ngozi huwa nyembamba zaidi, nikaona sponji nyeupe ya mashine imekuwa na bluu. Nikapangusa kwa kitambaa cheupe, nacho kikatoka na bluu. Mtu wa kiwanda cha rangi hahitaji kuambiwa maana yake. Ngozi ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimeingia kwenye rangi. Nilipaka nta mara tatu, sponji nikaitupa chooni, na siku ya harusi gari liling'aa, na picha mnazo.

Eric aliliosha siku mbili baada ya harusi. Aliliosha vizuri, kama nilivyomfundisha. Wiki ya tano ile sehemu ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na wewe, Jasper, ukaja kutoka Kisii mjini na mdomo wako, tukiwa na baba zenu wadogo na wazee wawili wa kanisa mezani, ukasema, "Huyu ameosha gari la mama kama sufuria ya ugali. Sabuni ya unga na waya. Na huyu ndiye mnataka aachiwe kituo cha kuosha magari ya watu?" Watu wakacheka. Eric hakucheka. Alinigeukia mimi baba yake akasema, "Tata, wewe ulikuwa hapo. Si useme."

Nami nikauliza, "Aliyeliosha mwisho ni nani?"

Hilo tu. Kila neno lilikuwa kweli, na lote kwa jumla lilikuwa uongo, na mimi mtu niliyesomea usahihi nilijua hivyo wakati ulimi ungali unatembea. Nilijitetea moyoni kwamba ni suala la gari tu, litapita. Halikupita. Mwezi haukuisha Eric akamchukua Phanice, wakahama, akaenda Ekerenyo kuosha boda boda kando ya barabara kwa ndoo na kitambaa, fundi niliyemfundisha mimi mwenyewe, na baadhi ya watu wa kwetu wakasema ni huyu mke mgeni aliyemharibu. Phanice, hilo nalo nililisikia, na hilo nalo sikulikanusha.

Ngojeni kidogo. Maji. Hapana, Eric, usisimame. Nitaendelea, na nikisita usinisaidie.

Mama yenu aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Akasema, "Thadeus, ni Eric?" Nikasema gari limeshaharibika, tuyaache. Akatazama ungo wake, akayaacha. Kuanzia hapo alikuwa akikutana nawe sokoni, Eric, siku za soko, nami nikijifanya sijui, na hakuketi tena kiti cha mbele cha gari lile. Nilidhani ni miguu yake. Mwezi wa pili mwaka huu alipotutoka ulikuja, ukachimba kaburi pamoja na wenzako, ukaondoka kabla ya chakula, na watu wakanong'ona kwamba huna adabu, na mimi mjane wa siku tatu nilikaa kwenye kiti changu nikapokea pole zao.

Wiki mbili baadaye nilifungua kabati lake. Chini ya vitenge vyake nilikuta kile kitambaa cheupe nilichopangusia boneti. Nilikuwa nimekisahau katika mfuko wa ovaroli, na ovaroli zangu alikuwa akizifua yeye. Amekifua, bluu haikutoka yote, amekipiga pasi, amekikunja mara nne. Miaka miwili na zaidi alijua. Alikuwa akiningojea niseme, naye alikufa akiningojea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi kifo kilichonifichua kilikuwa cha mwingine, na adhabu hiyo sitamwombea hata adui.

Jasper, usinitazame hivyo. Hukujua. Ulisema uliyosema kwa kuniamini, lakini ulifurahi mno kuyasema, na hilo ni lako, utalipeleka mwenyewe kwa Mungu na kwa ndugu yako. Ulimi wako ni mkali tangu ukiwa mdogo. Fanya nao kazi. Usiuache ufanye kazi nawe.

Sasa mgawanyo, kwa kifupi, maana karatasi ziko kwa wakili na hazina siri. Chai yote ya upande wa mtoni ni ya Jasper. Shamba la juu, lenye migomba na ng'ombe wawili, ni la Maureen, na asije mtu kusema binti aliyeolewa hapewi udongo, mimi nimempa. Nyumba hii ya mama yenu ni ya kitinda mimba, kama ilivyo desturi, na gari linafuata nyumba, kwa hiyo ni la Eric na Phanice. Si fidia. Sina cha kufidia. Kituo cha kuosha magari ni cha Eric tangu leo, na jina langu liondolewe kwenye ubao.

Eric, kuhusu kituo. Mwagia gari maji kabla ya kuligusa, mpaka vumbi jekundu literemke lenyewe. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, na anayechanganya hizo mbili mfundishe, akirudia mwondoe. Sabuni ya unga ibaki kwa nguo. Osha kivulini, sehemu moja moja, kausha kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Kinyesi cha ndege usikikwangue, kilainishe kwa kitambaa chenye maji ukingoje. Mteja anayebeba mkungu wa ndizi juu ya boneti mwambie utomvu wake utakula ngozi ya gari kabla hajafika Keroka. Paka nta kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu nta huongeza, na mashine hupunguza. Mashine isitoke kabatini bila kupima kwanza, na mteja aione namba kwa macho yake. Akitaka mng'ao zaidi ya gari lilivyobakiza, mwambie hapana. Atakwenda kwa mwingine, mwache aende. Nesi Gesare gari lake nimelipiga mara nne kwa sababu alipenda kusifiwa, nami sikumwambia lolote. Nenda kwake wiki hii. Mwambie mzee amesema basi, lisiguswe tena.

Na boneti ya mama yenu isipakwe rangi mpya. Ile sehemu iliyobanduka ioshwe, ikaushwe, ipakwe nta pembezoni ili isienee, halafu iachwe ionekane. Siku ya mazishi yangu gari litatangulia likiwa hivyo. Watu watauliza. Jasper, utakapopewa nafasi ya kusema kwa niaba ya nyumba, kabla hujaanza kunisifu, utasimama karibu na boneti hiyo na kuwaambia kwamba aliyeiharibu ni marehemu, akamwachia mwanawe lawama kwa miaka mitatu. Wale wazee wawili wa kanisa wawepo. Waliosikia Eric akilaumiwa walikuwa wengi. Msamaha wa chumbani hautoshi kumsafisha. Najua ni jambo zito kusemwa juu ya baba yako mbele ya umati, na najua unaona aibu tangu sasa, shingo yako naiona imeinama. Lakini hilo ndilo ninalokuachia, kuliko chai. Chai hata bila wewe itachumwa.

Utasema?

Sikulazimishi. Nakuuliza.

Maureen, shusha mto. Kifua kimekuwa... ngoja. Nipeni mikono. Kwa desturi baraka huanza na kifungua mimba, na leo ninaomba ruhusa yako, Jasper, nianze mwisho. Eric, mwanangu, sogea. Mungu akupe watu watakaosema pale nilipopaswa kusema mimi. Phanice, huko uliko, Mungu akupe watoto wasioogopa kukuambia ukweli, na nyumba hii ikuite mwenyewe, mgeni asiwe wewe. Sikuombi unisamehe leo. Ni mapema, na mimi nina haraka ambayo si yako. Maureen, uliolewa katika gari lililong'aa, na ndoa yako idumu kuliko... idumu. Idumu tu.

Jasper. Jasper, midomo yako inatembea, sikio langu halishiki. Rudia.

Hapana. Nimesikia sasa, kwamba utasema. Lakini unanitazama mimi, mwanangu. Mimi sihitaji kuambiwa. Geuka. Eric yuko nyuma yako. Mwambie yeye, na useme kwa sauti, hata aliye nyuma ya pazia asikie.

Sema. Nitafumba macho kidogo, lakini... sema, nasikiliza.