Dona Niliyoichekecha

Kamwene, wapendwa. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia nikiona aibu niseme nikiwa nimeketi. Hapana. Aibu ndiyo imenileta hapa, acha nisimame nayo.

Ninyi mnajua, kwetu Iringa mwanamke anapimwa kwa unga wake. Mahindi unayakoboa, unayaloweka mpaka yachachuke kidogo, unasuuza, unaanika, ndipo unasaga. Ugali wangu ulikuwa mweupe pe! Wageni wakiusifu, nabaki kuchekelea tu. Pumba wanakula nguruwe.

Basi mume wangu akapatikana na kisukari. Kule zahanati wakampa dawa, wakamwambia na chakula abadili: tonge lipungue, mboga ziongezeke, na unga uwe dona, mahindi yasagwe na ganda lake. Mwenzangu akakubali bila neno. Mimi nikanuna. Na siku zile zile wifi yangu akaja kututembelea, akafunua hotpoti, akasema, "He! Kaka siku hizi mnamlisha pumba?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile lilinichoma mpaka usingizi ukakatika.

Kuanzia hapo dona nilisaga, ndiyo, lakini mume akitoka naichekecha nyuma ya nyumba. Nabakiza chenga kidogo asishtuke. Naye anakula, ananiambia, "Asante mama watoto, dona hii laini kweli." Mnaguna? Guneni tu, nastahili.

Tukaenda kliniki pamoja. Sukari imepanda vibaya. Nesi akamuuliza, "Baba, unakula nini?" Akajibu, "Dona." Nesi akapandisha sauti: "Dona gani hii? Mtu mzima na mvi zako unadanganya?" Watu kwenye benchi wakacheka. Mume wangu akasema, "Muulize mama huyu, ndiye anayenipikia." Wote wakanigeukia.

Nikasema, jamani... nikasema, "Labda anakula vingine huko anakoshinda."

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Njiani nilingoja anifokee. Hakunifokea. Tukatembea, mwisho akasema, "Labda ni ile chai ya kijiweni, wanaweka sukari nyingi. Nisamehe, mama watoto. Nakupa kazi ya kunipikia halafu nakuharibia."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nikakaa chini palepale kando ya barabara, na kitenge changu kizuri, nikamwambia yote. Kisha akaniuliza, "Ungenizika, ili wifi yako asikucheke?"

Baada ya hapo alijipikia mwenyewe. Nikisogea jikoni, ananiambia kwa upole, "Kaa tu." Heri angenitukana. Siku aliponyoosha mkono kunipa mwiko tena, nililia juu ya sufuria.

Dawa anaendelea nazo, na sukari imeshuka, ashukuriwe Mungu. Sasa nyumba nzima tunakula dona. Juzi binti yetu aliyeko Mbeya katuletea tambi za ngano isiyokobolewa, zile za kahawia. Nikazipika na njegere na kabichi. Wifi akachungulia: "Zimeungua?" Nikamwambia, "Hazijaungua, wifi, ndivyo zilivyo. Kaa ule." Akala, akaongeza.

Nawashukuru akina mama wa kikundi hiki, hasa yule aliyekuja kwangu nikiwa najificha kwa aibu, akakaa jikoni akala dona yangu na mboga ya figiri, bila kuniuliza kitu. Na ninyi mnaowapikia wagonjwa, nawaomba: pika alichoambiwa mgonjwa wako, si kile majirani watakachosifu. Anayekula kwa mkono wako hana namna ya kukukagua.

Neno la mwisho. Mume wangu yule pale, kwenye benchi la nyuma. Aliitwa mwongo mbele za watu, nami nilikuwepo. Leo nasema mbele za watu: baba yule hakudanganya. Mwongo nilikuwa mimi.