Dada Maji Alikuja kwa Wiki Moja

Tarehe thelathini mwezi huu mkuu wetu wa mapokezi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika kituo hiki cha wasio na makao. Msimamizi alisema wasifu ataandika mwenyewe. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba yeye amemjua huyu mtu juzijuzi tu, mimi nimemjua kabla hajaota jino. Mstaafu ni binti yangu wa kwanza. Mniwie radhi nikijisifu kidogo. Nimenyamaza miaka yote hii, na kunyamaza si kawaida yangu.

Hapa wote mnamwita Dada Maji. Alifika na vijana wa kanisa letu waliokuja safari ya huduma, wiki moja tu, kupaka rangi na kuimba. Wakati huo alikuwa karani kwenye duka la vitambaa, kazi safi ya kivulini. Siku ya kwanza akaona watu waliotoka kulala kwenye vibaraza vya maduka wamepangwa foleni mbele ya meza, wanaulizwa jina, kwao wapi, wanakunywa nini na tangu lini, huku matumbo yananguruma. Akamwomba msimamizi wa enzi zile ajaribu kitu. Kesho yake meza akaisukuma pembeni, mlangoni akaweka ndoo ya maji ya moto na sabuni. Utaratibu ni huo mpaka leo: kuoga, kula, kulala. Maswali ni kesho. Akiulizwa mambo hayo alisomea wapi, hujibu nyumbani. Nyumbani maana yake ni kwangu. Kwangu mimi mgeni hahojiwi akiwa na njaa.

Wenzake walirudi wakiwa wamepaka rangi kuta mbili na nusu. Yeye akaandika kwamba anaongeza wiki. Halafu wiki nyingine. Mwezi wa tatu nikasema hapana, dukani wanamngoja, chumba chake nimekifagia, na mimi namtaka mwanangu. Nikafungasha mfuko wangu, nikapanda basi kumfuata.

Basi likaharibika njiani. Mvua ikaninyeshea, kiatu kimoja kikakatika. Nilipofika mlangoni hapa, binti yangu alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali, na zamu ilikuwa ya mkazi mmoja, seremala, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaachana na pombe. Nikamweleza kwamba mimi si mhitaji, mimi ni mama wa yule mhudumu.

"Ndiyo, mama," akasema kwa upole. "Hapa kila mmoja ni mama wa mtu. Maji yasije yakapoa."

Nikamwambia nina nyumba ya vyumba vitatu. Akasema hata yeye alikuwa nayo, nitamsimulia kesho. Nilipopandisha sauti akaniongezea sabuni.

Nikaoga. Nikala. Nikalazwa kitanda cha pembeni, shuka jeupe, blanketi la buluu, nimenuna mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi nikamkuta binti yangu amepiga magoti kando yangu, anacheka na kulia kwa pamoja. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini ndiyo hivyo, nilikuwa nimeshapokewa, tena vizuri kuliko nilivyowahi kupokewa popote nikiwa na viatu viwili. Utamwondoaje mtu mahali kama hapo? Nikarudi peke yangu na mfuko wangu, nikakifunga kile chumba. Nililia njia nzima ndani ya basi, na abiria wa jirani nikamsimulia sifa za mwanangu mpaka akahama kiti.

Kazi aliyoifanya tangu hapo mnaijua. Makanisa yameleta wageni wenye kamera, vipaza sauti na fulana za kufanana. Kamera ziliingia kwenye droo, wageni wakagawiwa visu na viazi vya kumenya. Mchungaji mmoja alitangulia kundi lake akiwa na vumbi la safari, naye hakuulizwa kitu, akapelekwa kuoga. Alihubiri kwa kandambili zetu, na nasikia hajawahi kuhubiri vizuri vile.

Yule seremala alirudia chupa, na si mara moja. Kila alipotoweka, wakubwa walitaka kitanda chake apewe mwingine. Dada Maji akawa anakitandika kila asubuhi, na wageni walipozidi alitoa kitanda chake mwenyewe, yeye akajinyoosha kwenye benchi la mapokezi. Siku seremala aliporudi, amekonda, hathubutu hata kuinua macho, maji yalikuwa ya moto. Maswali yakangoja kesho. Hajaondoka tena. Leo ana karakana nyuma ya jiko, vitanda mnavyolalia ni vya mkono wake, na tarehe thelathini ndiye anayekabidhiwa funguo za mapokezi.

Siku hiyo nami nitakuwepo, na mfuko ule ule. Huyu binti nimemngoja sana. Chumba chake nimekifungua, nimekipaka rangi kuta zote nne, si kama wale vijana. Wiki iliyopita akanipigia simu, nikadhani anaulizia mapazia.

"Mama, hicho chumba kinaingia vitanda vingapi?"

Nikamwambia kimoja, umestaafu. Akauliza tena, vingapi. Huyu akirudia swali, mimi nimeshashindwa. Seremala ameshaleta vitanda viwili, na blanketi la pili nimenunua mwenyewe, la buluu. Ndoo nilikuwa nayo.

Asante, Dada Maji, kutoka kwetu sote tuliopita mlangoni pako, wenye nyumba na wasio nayo. Bwana uliyemtumikia akupe afya, na usingizi usiokatizwa na kengele ya mlango, angalau siku moja moja. Sasa njoo nyumbani, mwanangu. Maji yako motoni.