Chumba cha Mungu Kinavuja

Vijiwe vya Moshi hii nimevikaa vyote, lakini hasira kama ya juzi pale Soweto, kwenye benchi la Eliufoo muuza kahawa, sijapata kuiona. Aliyewaka ni fundi Wenseslaus, tunayemwita Pima Maji. Hekalu la Wahindu alilolijenga mwaka jana linavuja, tena kwenye chumba cha ndani kabisa, anakokaa mungu wao. Kaenda kuziba, wamemzuia mlangoni.

— Nimekijenga mimi, tofali kwa tofali. Leo naambiwa nisikanyage.

— Kasema nani? akauliza Remigius. Huyu alikaa seminari miezi miwili, basi tunamwita Padri.

— Kuhani wao. Anasema ndivyo Agama inavyotaka, vile vitabu vyao vya kujengea hekalu na kuabudia. Mungu akishawekwa, anaingia kuhani peke yake. Huku mji mzima unasema Pima Maji kalipua kazi. Jana nimenyimwa nyumba ya kujenga Old Moshi.

— Mle kuna dhahabu, akasema Padri. Kitabu ni kisingizio tu.

— Mimi hicho kitabu nimekishika, nikawaambia. Kinabebwa na wanaume wanne. Kuna ukurasa mzima unamkataza Mchagga.

— Umeusomaje, na wewe darasa la saba ulilikimbia? akauliza Padri.

— Ukisoma kwa hasira unaelewa.

— Basi mungu wao aloane, akafoka Pima Maji. Ila jina langu waliache.

Hapo mzee Bhanu wa kamati ya hekalu akaegesha pikipiki. Mimi nikawahi kusema shikamoo.

— Umekuja kunifukuza na hapa? akauliza Pima Maji.

— Hapana, fundi. Nakutafuta tangu asubuhi. Kitabu hichohicho kinasema hekalu likiharibika, mungu anahamishiwa kwenye chungu cha maji, anakaa kibandani nje, fundi anaingia. Tunamhamisha Alhamisi.

— Naingia mimi?

— Wewe. Ila hatuwezi kumhamisha kila masika. Kwa hiyo niambie: lile zege la juu, mfuko mmoja wa simenti mliuwekea ndoo ngapi za mchanga?

Pima Maji akanigeukia. Mchanganyaji wa zege nilikuwa mimi. Padri akawa anautazama mlima, na mlima siku hiyo ulifunikwa na mawingu. Nikamnyooshea Eliufoo kikombe. Birika lake lilikuwa bado linafuka.

— Kahawa imekwisha, akasema. Mjibu mzee.