Raheli Shekigenda, Mwenye Mkahawa wa Tua Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Soni, Mlalo, Bungu mpaka kule chini Magoma, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Raheli Shekigenda, mama aliyeanzisha mkahawa wa Tua Mzigo hapa Lushoto mjini. Alifariki mwezi uliopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Raheli alizaliwa Magamba, pembezoni mwa msitu. Mama yake alikuwa akibeba kuni kichwani na kuzishusha mpaka mjini kuuza. Siku moja ya ukungu aliteleza kwenye mteremko. Nyonga ikavunjika. Hakutembea vizuri tena. Raheli alikuwa binti wa shule ya msingi wakati huo, na alikua akiliona jambo lile kila siku nyumbani kwao.

Alifanya kazi ya upishi kwenye nyumba ya wageni kwa miaka mingi. Huko ndiko alikojifunza kukaanga kahawa. Alipoacha kazi hiyo alikuwa na nia moja tu. Alitaka wale bibi wa Magamba, wajane wanaolea wajukuu, waache kubeba kuni. Akapanga chumba karibu na soko. Akanunua kahawa ya Bungu. Akawaita bibi wafanye kazi, na faida iwe yao. Huo ndio mkahawa wa Tua Mzigo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pana jambo.

Mkahawa ulifunguliwa, na vijana hawakuja. Yaani walikuja mara moja, wakanywa haraka haraka wamesimama, wakaondoka. Hawakurudi. Na mkahawa wa mjini bila vijana ni jiko la mtu binafsi.

Mshauri wa biashara akamwambia Raheli abandike ukutani picha za bibi wakiwa na mizigo ya kuni, na maneno ya kusikitisha chini yake. Akabandika. Vijana wakazidi kupungua. Akapunguza bei. Wapi! Akabadilisha kahawa. Wapi!

Watu wakaanza kusema. Vijana wa Lushoto hawana utu. Vijana wa Lushoto wanajua soda na simu tu, hawajali maskini. Mimi ni kijana wa Lushoto, wasikilizaji wapendwa, na maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Nasema leo, na nasema kwa sauti: haikuwa kweli.

Bibi wenyewe walikwishakata tamaa. Bibi Aisha, mkubwa wao, alianza kuulizia njia ipi ya msituni haina utelezi siku hizi. Raheli aliposikia hivyo hakulala. Asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha Fanueli, fundi simu, kijana aliyewahi kuja mara moja na wenzake. Fanueli mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fanueli, kahawa yangu chungu?"

"Tamu, mama."

"Bei kubwa?"

"Bei ya kawaida tu."

"Basi mnanikimbia nini? Nimewakosea nini, wanangu?"

Fanueli alishika bisibisi, akaiweka. Akaishika tena.

"Mama, Bibi Aisha ndiye aliyeniogesha nilipozaliwa. Na mama yangu pia aliogeshwa na huyo huyo. Leo mimi nikae kwenye kiti nimekunja nne, nimwambie bibi niletee sukari? Halafu nikirudi nyumbani niseme nimetoka wapi?"

Pembeni alikuwepo Shamsa, mwanachuo, anasubiri simu yake itengenezwe. Naye akadakia:

"Na zile picha, mama, samahani. Bibi analia ukutani, na bibi huyo huyo ananiletea andazi. Nalimeza vipi?"

Raheli alicheka mpaka akashikilia meza. Kisha machozi yakamtoka. Aliwaambia, "Kumbe mnatukimbia kwa heshima! Mngesema basi!"

"Tungemwambiaje mtu mzima, mama?"

Mnaona, wasikilizaji wapendwa? Bibi alikuwa amesimama na trei, kijana amekaa. Mpango huo uko kwenye mikahawa yote duniani. Lakini huku milimani mjukuu hamtumi bibi. Hilo halikuwa kwenye hesabu za mshauri.

Kesho yake picha zilitoka ukutani. Meza ya kuuzia ikaondolewa. Viti vizuri vikapelekwa jikoni, na bibi wakakaa wao, karibu na moto, wakikaanga na kupika. Kijana anayeingia anatoa shikamoo. Anachukua birika. Anamimina kikombe cha kwanza, anampa bibi. Bibi akishaonja, kijana anamimina chake. Akimaliza anaosha vikombe vyote viwili.

Mkahawa ulijaa. Ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Na bibi hawakuwa wa kunyamaza.

"We Fanueli! Umemimina kama unamwagilia kabichi! Mke utampata wapi?"

"Nitafutie wewe, bibi."

"Nikutafutie nani, na mikono hiyo? Osha kikombe upesi, wenzako wanasubiri."

Mgeni mmoja kutoka mbali alimuuliza Raheli kwa nini wateja wake wanajihudumia. Raheli alimjibu, "Hawajihudumii. Wanawahudumia wenye kahawa."

Hakuna hata bibi mmoja wa Tua Mzigo aliyerudi msituni.

Kisha Raheli akafa. Baada ya mazishi, watu wakiwa wamekaa matangani, mwanawe Zabron, dereva wa malori kule Tanga, alisema ataufunga mkahawa. Hakusema kwa ubaya.

"Mama ndiye alikuwa mkahawa," alisema. "Ninyi mtakuja sasa kwa kumwonea huruma marehemu. Huruma ya msiba haina maisha. Baada ya miezi miwili bibi hawa watabaki na moto na birika."

Bibi Aisha aliinamisha kichwa. Fanueli akanyanyuka.

"Kaka Zabron, samahani. Mama alipokuwa amelazwa mimi nilikwenda mkahawani kila siku. Hakuwepo, na nilikunywa. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa kahawa. Na kutukanwa na Bibi Aisha."

Watu wakacheka, matangani pale pale. Zabron naye akacheka, kisha akafunika uso. Alipotulia alitoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Bibi Aisha. Mkahawa uko wazi mpaka leo.

Nimemtungia mama yetu ubeti mmoja:

Raheli ametutoka, safari yake ya kheri,
Moto wake unawaka, na jiko lipo tayari,
Bibi zetu wanacheka, wameketi kwa fahari,
Kijana ukishafika, mimina, kisha subiri.

Pole sana, Zabron. Poleni, akina bibi wa Magamba. Poleni, washarika wenzake. Mungu amlaze Raheli mahali pema.

Na ninyi vijana wenzangu, leo kuna biashara nyingi zinazosema zinasaidia watu. Ingieni, mnunue. Lakini kabla hamjaonja kitu, tazameni kwanza: anayesaidiwa humu amewekwa wapi? Mkiona mmekaa ninyi na yeye amesimama, simameni. Na safari hii msiondoke kimya. Semeni, kwa adabu, lakini semeni.