Njahi za Mwezini: Maisha ya Dkt. Salesio Kailemia, 1953–2025

Wapendwa waombolezaji, baba alituachia agizo kwamba wasifu wake uwe mfupi, kwa sababu yeye mwenyewe alihudhuria mazishi mengi ambapo wasifu ulisomwa mpaka chakula kikapoa. Mimi ni Kinya, binti yake. Nitajitahidi, ingawa aliyeacha riwaya mbili na nusu hana haki ya kumwambia mtu yeyote afupishe.

Marehemu Daktari Salesio Kailemia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika kijiji hiki cha Kathera, karibu na Nkubu, kaunti ya Meru. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati Mzee Kiogora na hayati Mama Kinya, wakulima wa kahawa, ndizi na chochote ambacho udongo ungekubali. Alibatizwa akiwa mchanga katika misheni ya Nkubu. Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yake baba, na kwa desturi yetu baba hakuniita Kinya hata siku moja. Aliniita "mama" tangu nikiwa kwa nepi, jambo lililowachanganya walimu wangu wote.

Huwezi kumwelewa baba bila kuzijua njahi za nyanya, zile za jamii ya maharagwe. Zilikuwa nyeusi, ndogo kuliko za sokoni, na mstari mweupe mgongoni. Zilikaa shambani karibu mwaka mzima zikitambaa kwenye ua. Mwanamke yeyote wa hapa Kathera akijifungua, nyanya alipeleka bakuli apikiwe, maana mzazi lazima ale njahi apate nguvu na maziwa. Wazee walisema hazikuwa na ule uchungu wa njahi nyingine. Baba alizila utotoni, akiiba kwenye sufuria za wanawake waliojifungua, na alichapwa kwa hilo.

Alisoma shule ya msingi hapa Kathera kuanzia mwaka 1961, kisha akajiunga na shule ya upili ya misheni mwaka 1968. Mwaka uliofuata padri mmoja aliwaruhusu wanafunzi kusikiliza redio watu walipotua mwezini. Wenzake waliuliza kama mwezi hautaanguka kwa uzito. Salesio aliuliza huko watu watapanda nini. Padri alimwambia aketi chini. Aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, akahitimu shahada ya kilimo mwaka 1977, na baadaye, mwaka 1989, akapata shahada ya uzamifu katika uzalishaji wa mbegu.

Aliajiriwa mwaka 1978 katika kituo cha utafiti wa kilimo mjini Embu, na huko akafanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2013. Kazi yake ilikuwa kutafuta maharagwe yanayokomaa haraka na kustahimili ukame. Aliyapata. Wakulima wa Runyenjes waliyaita "maharagwe ya daktari" hata kabla hajawa daktari, na wengi wenu mliokaa kwenye viti hivi mlilipiwa karo na maharagwe hayo. Aliandika makala nyingi za kisayansi kwa Kiingereza, ambazo mama alizipangusa vumbi kwa uaminifu bila kuzifungua.

Mwaka 1982, katika kanisa la Karurumo, alifunga ndoa na Bi. Carol, mwalimu wa shule ya msingi na binti wa hayati Mzee Njagi. Siku ya posa, Mzee Njagi alimtazama kijana huyu kutoka ng'ambo ya Chuka na kumwuliza, "Sasa wewe mtu wa Meru, huko kwenu wasichana waliisha?" Baba akajibu, "Hawakuisha, baba. Ni mimi niliwacha kuwaona." Mzee akacheka, mambo yakawa rahisi. Walijenga Runyenjes, wakajaliwa watoto wawili: kaka yangu Kiogora, aliyezaliwa mwaka 1983, na mimi, mwezi wa Aprili mwaka 1985.

Hapo kwenye kuzaliwa kwangu nisimame kidogo.

Miaka michache kabla, nyanya alikuwa amempa baba mkebe wa zile njahi akazijaribu kazini. Alipanda mstari mmoja. Zilichelewa kukomaa, akaona hazifai kwa mkulima wa siku hizi, na zilizovunwa akawapa vibarua wapike. Hakuwaza mara mbili, kwa kuwa mbegu yenyewe ipo nyumbani. Kisha akaja hapa Kathera na maharagwe yake mapya, akawashauri watu wayapande. Nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'oa njahi zake, asije akaambiwa mtoto wake amesoma bure. Majirani wakafuata. Waliobakisha kidogo walizila katika njaa ya mwaka 1984. Nyanya peke yake alibaki na kibuyu kimoja, mbegu zikiwa ndani ya majivu zisiliwe na wadudu.

Nilipozaliwa, alikipasua. Alizipika zote, akabeba sufuria kutoka Nkubu mpaka Runyenjes ikiwa imefungwa kwa leso, akamlisha mama. Baba alipewa kijiko kimoja mlangoni na akafukuzwa, maana kile kilikuwa chakula cha mzazi.

Miezi kadhaa baadaye nyanya alikuja tena kututembelea. Walikuwa wanakunywa chai, wakizungumza Kimeru, na mama alielewa vizuri kwa kuwa Kiembu cha kwao hakiko mbali nacho. Nyanya alisema, "Salesio, Krismasi uniletee ile mbegu yetu. Nataka nirudishe kidogo pale kwa ua."

Baba akacheka. "Mama, mbegu si iko kwako?"

"Kwangu iko wapi? Si nilikupatia mkebe ukaenda kuweka kwa serikali?"

"Na ile ulipikia Carol?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki. Ningejuaje? Wewe ndiye mtu wa mbegu."

Mama anasema baba aliweka kikombe chini na chai ikapoa hapo hapo. Nyanya hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba Mungu akitaka, zitaonekana kwa mtu. Wapendwa, mtaalamu wa mbegu na mama yake walikuwa wameimaliza mbegu kwa kuaminiana, kila mmoja akidhani iko kwa mwenzake.

Basi akaanza kutafuta. Alitafuta Chuka, akatafuta Karurumo na Runyenjes kila siku ya soko, akapanda mpaka juu kwenye majani chai na kushuka mpaka Mbeere. Palipo na gunia la njahi alichukua moja akaitafuna ikiwa mbichi, akatikisa kichwa. Wauzaji wa Karurumo walimwita "mzee wa kuonja" na hawakumtoza. Nyumbani jambo hili halikuwa siri wala halikuwa zito kila siku. Nikianguka mtihani, Kiogora alisema, "Na vile ulikuja na njahi ya mwisho, ungetuletea hata B." Tulicheka. Baba alicheka pia, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Tulidhani atafuga ng'ombe. Badala yake aliweka meza barazani pale Runyenjes, akaanza kuandika riwaya ya kisayansi kwa Kiswahili. *Msimu wa Tatu Mwezini* ilitoka mwaka 2016. Inahusu watu wa mlimani kwetu ambao vitukuu wao wanalima mwezini chini ya vioo, na mwanamke anayeitwa Gatwiri anayetunza mbegu ambayo duniani imekwisha. Ya pili, *Mvua ya Kioo*, ilifuata mwaka 2020. Makala zake zote hazikuwahi kumsimamisha mtu barabarani, lakini sasa mtu wa boda boda alizima pikipiki katikati ya soko la Runyenjes na kumwuliza, "Daktari, hebu niambie ukweli, huyo Gatwiri atarudi ama anakaa huko?" Baba alijibu kwamba hata yeye bado anangoja kuona. Alifika nyumbani akiwa na furaha ambayo mama anasema hakuiona hata siku alipopata uzamifu.

Si kila mtu alielewa. Rafiki yake wa kazini, Bwana Gachoki, ambaye yuko nasi hapa, alimwuliza, "Salesio, wewe ni mtu wa data. Hii uongo imetoka wapi?"

Baba alimwambia, "Data ishaniambia hiyo kitu iliisha. Sawa, nimekubali. Sasa nitaitamani nikiwa wapi?"

Bwana Gachoki alinunua nakala mbili.

Kuna ukurasa mmoja aliouandika maisha yake yote ya uandishi. Katika kila riwaya Gatwiri anapika zile njahi na mwanamke aliyejifungua anazila. Baba alitaka mtu aliyezionja akisoma hapo, aseme ndizo. Alipomaliza ukurasa huo mara ya kwanza, alikuja hapa Kathera akamsomea nyanya kwa Kimeru. Nyanya alisikiliza habari za mwezini bila kushangaa, kana kwamba ni habari za mji wa Maua. Walipofika kwenye sufuria, alimkatiza.

"Umesema ni tamu kama asali. Asali ni asali. Andika tena."

Aliandika tena. Mara nyingine nyanya alisema amekaribia. Mara nyingine alisema hayo ni maharagwe ya daktari yamevishwa nguo nyeusi. Tulikuwa tunakuja kila mwezi, na hao wawili, mwana mzee na mama mzee zaidi, walibishana juu ya chakula ambacho hakipo. Nyanya alituacha mwaka 2018, akiwa bado hajasema ndiyo. Waliozionja walizidi kupungua. Mzee Mukiri, jirani, alifuata. Mwishowe alibaki mtu mmoja tu aliyekula sahani nzima, naye ni mama.

Tatizo ni kwamba mama hakukumbuka. Baba alipomsomea, alimwambia wazi, "Salesio, mimi nilikuwa nimechoka. Mtoto analia, maziwa haitoki. Hata ungenipea mawe ningekula." Baba hakukasirika. Alirudi barazani, akaandika upya, akaja tena. Kwa miaka saba alimsomea mama ukurasa huo kwa kila namna, na mama alimsikiliza huku akichagua mchele, akisema, "Bado. Sijui, lakini bado."

Mapema mwaka 2024 baba alianza kupata shida ya kumeza. Madaktari wa Nairobi walisema ni saratani ya koo. Alitibiwa kwa upole na uangalifu, nasi tunawashukuru wote waliomhudumia. Kufikia Krismasi hakuweza kula kwa mdomo tena. Alilishwa kwa mpira. Nilimkuta siku moja akinusa kifuniko cha sufuria jikoni, akakirudisha polepole aliponiona. Nililia bafuni. Alikuwa katikati ya riwaya ya tatu, na alikuwa hajui tena ladha ya kitu chochote, hata ya chai.

Aliomba aletwe karibu na nyumbani, akalazwa katika hospitali ya misheni hapa Nkubu mwezi wa Mei mwaka huu. Sauti ilikuwa imekwisha. Mchana mmoja alinipa karatasi, akanionyesha mama kwa kidole. Nikasoma. Ukurasa huo hausemi neno tamu hata mara moja. Unasema mwanamke alikula, mtoto akiwa amelala kifuani. Alikula bila kuinua macho, akakwangua sahani, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya, kama kuna ingine imebaki. Naye Gatwiri akamwambia hapana, hiyo ilikuwa ya mwisho.

Mama alisogea karibu na kitanda. Kisha akamshika mguu kupitia blanketi akasema, "Ndiyo hiyo, Salesio. Ndiyo hiyo."

Baba alifumba macho. Hatukumwona akiandika tena. Alituaga tarehe 11 Juni 2025, asubuhi, mama akiwa kando yake.

Juzi, tukichambua mboga za matanga, nilimwuliza mama kama ilikuwa kweli, au alisema hivyo ampe mgonjwa raha. Ameniruhusu kuwasomea jibu lake. Alisema, "Kinya, sijui. Hiyo miaka yote amenisomea, mpaka sasa nikitafuta ile ya nyanya yako kwa mdomo, napata tu maneno ya baba yako. Lakini uliposoma siku hiyo, nilisikia njaa."

Marehemu ameacha mjane, Bi. Carol Kailemia, watoto wawili, Kiogora na mimi Kinya, wajukuu wanne, dada yake Regina wa Nkubu, wakwe zake wa Karurumo, wenzake wa kituo cha utafiti, na wasomaji wengi ambao wameendelea kupiga simu kuuliza kama Gatwiri alirudi. Tumepekua meza yake. Hakuna sura iliyofuata, na katika familia yetu hakuna anayeweza kuiandika.

Baba alitufundisha kwamba kitu kikiisha, mtu hujaribu kukisema vizuri mpaka wenzake wakitamani. Nimejaribu kwa siku nne kuandika alivyokuwa akicheka, na nimeshindwa. Wewe uliyemsikia, ukifika nyumbani, jaribu nawe. Bwana ampokee, na apumzike kwa amani.