Sauti ya Baba Flora Ndani ya Bwana wa Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Newala, Tandahimba, mpaka Lupaso kule Masasi, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Ladislaus, Baba Flora, wa banda la video pale Newala. Mtafsiri wa filamu. Ametutoka Mzee Ladislaus. Juzi nyumbani kwake wamefanya arobaini, na yaliyotokea siku hiyo ndiyo naomba mniazime masikio.

Kwanza tumjue. Baba Flora alizaliwa Mnyambe. Ujanani alikuwa mpishi wa mapadre huko Masasi, na Kiingereza alikiokota humo humo jikoni. Aliporudi, alirudi na televisheni. Njia nzima ya kuja Newala aliipakata kwenye basi kama mtoto, imefungwa kitenge cha mkewe. Mama Flora akikumbuka anacheka mpaka leo: "Mimi na mimba yangu nimesimama, televisheni imekaa."

Banda likaanza. Filamu inaongea Kizungu, yeye yuko pembeni kwenye kigoda, kipaza sauti mkononi, anatupa Kiswahili. Alitafsiri nyingi. Iliyopendwa ni moja. Ile ya bwana mwenye ngome, mfu anayelala kwenye jeneza mchana, likizama jua anaamka kunyonya watu damu. Sisi tunaiita Bwana wa Mlimani. Watu waliiona, wakairudia, wakairudia tena. Kwa sababu ya sauti, wasikilizaji. Baba Flora alimpa yule mfu sauti nzito ya puani, kama inatoka ndani ya kinyago cha lipiko, yule mchezaji wa ngoma za jando anayekimbiza wanawake na watoto mpaka wanajifungia ndani.

Sasa, Flora. Ni binti yake, yuko kidato cha tatu. Mtoto wa aibu. Anakupa shikamoo huku anaangalia vidole vyake vya miguu. Tangu baba yake azikwe, hajakanyaga bandani.

Siku ya arobaini, watu wameshakula, fundi Mrisho anayetengeneza redio akatoa flashi mfukoni.

"Kuna siku nilimrekodi bandani, zamani, kifua hakijaanza kumsumbua. Bwana wa Mlimani yote, na sauti yake."

Mjomba Anselmo, kaka yake Mama Flora, akasema, "Basi tuirudie. Tumuage na kazi yake."

Na huku kwetu mjomba akishasema, nani abishe? Flora alibisha, lakini jikoni, kwa mama yake, taratibu.

"Mama, mimi siingii."

"Unaogopa mfu wa kwenye video? Ukubwa wote huo?"

"Picha za baba tunazo. Sauti hatuna. Na mimi nimeanza kusahau alivyokuwa anaongea. Nikisikia hiyo ya mfu, ndiyo itakayobaki. Kila nikimkumbuka, nitamsikia yule."

Mama Flora akaacha kuosha sahani. Akamwambia, "Utakaa na mimi. Tukishindwa, tunatoka wote."

Madirisha ya banda yakazibwa kwa mablanketi. Nje jua linawaka, ndani giza. Jirani yao Vitalis, kama kawaida yake, akaanza: "Bi Shamila, leo usinishike mkono, mumeo Mrisho yupo hapa."

"Nikushike wewe? Bora nimshike huyo mfu."

Watu wakacheka. Halafu filamu ikaanza, kicheko kikakatika.

"Nani anatembea juu ya kichwa changu?"

Ni yeye. Ni Baba Flora, amezikwa, na anaongea. Flora akageuka. Alitazama kwenye kona. Kigoda kitupu. Sauti inakuja. "Nina kiu. Fungueni mlango." Akajaribu kumkumbuka baba yake akiagiza chai, akimfokea mbuzi, chochote. Hakupata. Kila alipotafuta, alikuta yule mfu. Akashika khanga ya mama yake amwambie watoke.

Kabla hajasema, ikafika pale. Jeneza. Kifuniko kinasogea. Kucha zinatokeza.

Sauti ikakata. Kikasikika kikohozi kidogo. Halafu mtu mwingine kabisa akaongea, kwa upole, kama anainama:

"Flora, mama. Fumba macho."

Wasikilizaji wapendwa, siku ile Mrisho anarekodi, Flora alikuwa mdogo, amekaa miguuni kwa baba yake. Alishasahau.

"Bado," akasema Baba Flora. "Bado, mama. Usifumbue, anatoka huyo. Bado."

Kwenye kioo yule bwana amesimama, anaongea Kizungu chake, anaongea weee, hakuna wa kumtafsiri. Mtafsiri yuko na mwanawe. Na mle gizani watu wazima, Bi Shamila, Vitalis mwenyewe na maneno yake yote, wamefumba macho wanasubiri ruhusa.

"Haya, fumbua. Kapita." Kisha kwa watu: "Samahanini jamani, hapo nimepitwa. Tuendelee."

"Sasa pale alisema nini yule bwana?" akauliza Vitalis.

"Kaa kimya wewe," akasema Mjomba Anselmo, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Ndipo mtoto wa aibu akasimama mbele za watu wote. "Fundi Mrisho, naomba rudisha nyuma kidogo."

Mrisho akarudisha. Flora akafumba macho.

Mama Flora, poleni sana. Flora, pole mwanangu. Mjomba Anselmo na ukoo wote, poleni. Nawe unayenisikiliza, humo nyumbani mwako yuko mtu ambaye sauti yake umeizoea mpaka huisikii tena. Leo mwache aongee, hata kama anafoka.

Mungu ampumzishe Ladislaus, Baba Flora. Yule bwana alisema nini pale jenezani, Newala nzima hatujui. Na sidhani kama kuna anayetaka kutafsiriwa.