Nyundo ya Ukuta wa Ukumbini

Njooni karibu, wanangu, wala msikae, maana mkikaa mtaanza kunitazama kwa huruma na kazi italala. Wewe Mkubwa simama hapo mlangoni, nawe Kitinda ingiza mkono chini ya kitanda changu, uivute. Polepole! Hiyo ndiyo nyundo yenu, na haya ninayosema ndiyo maneno yangu ya mwisho, basi nisikilizeni kabla pumzi haijanikimbia.

Baba yenu alipojenga nyumba hii alikuwa fundi asiye na nyundo ya maana, akajitengenezea mwenyewe kwa kopo la rangi, saruji, nati na vyuma vya kuokota, na bomba alilolitoboa akapitisha misumari mirefu ili kichwa kisije kikachomoka. Nasikia sauti yake hadi leo: "Mke wangu, shika bomba, usisinzie! Likiinama, hii itaacha jiwe ipige goti langu." Ndiyo maana nilikataa mwazime nyundo kwa jirani, nikamkataa na fundi wa kulipwa. Nyundo hii haitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja hushika bomba lisimame wima, mwingine hushindilia. Tangu mlipogombania nyumba mkaukata ukumbi wa baba yenu kwa ukuta, hamjawahi kushika kitu kimoja pamoja hadi siku ile nilipowaamuru mtengeneze nyundo kama ya baba yenu.

Na ile ya kwanza mliiharibu. Mkubwa, kwa papara zako, ukaipandisha juu ya bati ikauke upesi, pigo la kwanza tu ikapasuka kama biskuti, na Kitinda akacheka hadi akakaa chini: "Kaka, umeibanika!" Laiti baba yenu angekuwapo! Angewaambia saruji si nguo, haianikwi. Hunyweshwa maji ikakomaa taratibu. Hii ya pili nimeilea mwenyewe. Kila nikishtuka usingizini nashusha mkono kulipapasa gunia nililoifunikia kama lingali na majimaji, nikiogopa jambo moja tu, kwamba mimi nitatangulia kukauka.

Nigeuzeni. La, acheni, inatosha.

Vyumba vya mbele ni vya Mkubwa, vya nyuma ni vya Kitinda, kama mlivyokwisha kugawana, hapo sigusi. Jiko na choo ni vya wote, na asitokee mtu akatia kufuli. Vyombo vyangu mke wa Mkubwa achague kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyenipigia kelele za "Shikamoo mama!" kupitia matofali kila asubuhi, nami nikamwitikia kama mwendawazimu anayeongea na ukuta. Lakini ukumbi simgawii mtu. Ukumbi ni wa kupita.

Mbona mnahangaika na miguu yenu? Sikilizeni. Mlango wa mbele uko upande wa Mkubwa. Huku kwangu hakuna njia ila kile kichochoro cha uani, na hata godoro hili lilipita limekunjwa. Mimi sikunjwi! Nitatoka kwa mlango alioutia baba yenu, ule niliouingia mara ya kwanza nikiwa na mimba yako, Mkubwa, na mtanibeba nyote wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, asiwepo wa kusema "hapa ni kwangu".

Mnatazamana nani aanze. Nilijua tu! Aanze kuuvunja ukuta aliyeweka tofali la kwanza, kisha mpokezane. Mkubwa, panua miguu, usiipandishe nyundo juu ya bega, uache uzito wenyewe ufanye kazi. Kitinda, watoto watoke nje, nawe ujifunge kitambaa puani.

Mungu awape maisha ya kuitana bila kupaza sauti. Awape watoto wenu ukumbi mrefu wa kukimbilia. Yaliyosemwa kati yenu siku ile ya ugomvi, mimi nayachukua, naondoka nayo, msiyatafute tena.

Haya. Piga.

Hee! Nyumba nzima imeitika. Tena... tena, bwana, hata rangi haijabanduka... Sasa mpe mwenzako. Mpe, usimnyime... Mlango uacheni wazi, vumbi halinidhuru... Naona kama mwanga... hapana, bado. Chini kidogo... hapo.

Nikinyamaza msije kunitazama, wanangu. Pigeni.